Divai nyeupe ya ngome ya Papa

Jina la divai ya Châteauneuf-du-Pape linadanganya wengi. Maana yake ni ngome mpya ya Papa. Kweli, Papa Klementi V alifika Avignon, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1309, na Papa Yoane XXII (1316-1334) alijenga ngome yake karibu na hapo. Lakini mizabibu ilikuwako mbele yao. Tena kijiji kiliitwa zamani Châteauneuf-Calcernier, kwa ajili ya chokaa iliyotoka pale. Jina la Papa kilipewa mwaka 1893 tu.

Basi tuonje kwa ulimi, si kwa masikio. Divai nyeupe ya pale ni chache, haifiki sehemu moja katika kumi. Nyingine yote ni nyekundu. Zabibu zake, kama Clairette na Roussanne, huiva kwa jua kali, juu ya mawe ya duara yanayotunza joto. Kwa hiyo divai ni nzito, ina nguvu, na uchachu wake ni kidogo. Usiinywe ya baridi sana, maana baridi inaficha harufu ya maua na matunda. Ishike kidogo mdomoni mbele ya kumeza. Mimi naona ile iliyokaa miaka, yenye harufu ya asali, inashinda ile changa. Padri mwenzangu anakataa kabisa: kwake ni kama dawa.