Programu za zamani zinavyosoma faili za mbali

Programu nyingi za benki na bima zimeandikwa kwa COBOL, lugha iliyobuniwa 1959, intaneti ikiwa bado haipo. Sasa zitasomaje faili iliyoko kwenye seva ya mbali?

Siri iko kwenye JCL, maagizo yanayoendesha kazi katika kompyuta kubwa za IBM. Ndani ya programu hakuna jina la faili. Kuna jina la DD tu, na JCL ndiyo inayosema jina hilo ni faili gani. Kwa kigezo cha SUBSYS, ombi la kusoma hupelekwa kwa mfumo msaidizi. Mfumo huo ukiwa unaelewa anwani za wavuti, huleta faili na kuikabidhi rekodi moja moja. Programu yenyewe haiguswi.

Ila kuna mitego. Kwenye EBCDIC, msimbo wa kompyuta hizo, herufi A ni 193. Kwenye ASCII ni 65. Isipogeuzwa, data inakuwa takataka. Na mtandao ukikatika katikati, baadhi ya malipo yanaweza kuachwa. Njia salama: faili nzima ipakuliwe kwanza, ikaguliwe, ndipo kazi ianze.