Mbwa wa Maonyesho na Uwezo wa Kazi

Kuzalisha mbwa kwa ajili ya maonyesho ni kuchagua wazazi kwa umbo: kimo, rangi, mkia, mwendo. Desturi hii ilishika mizizi Uingereza, ambako chama cha Kennel Club kiliundwa mwaka 1873 na maonyesho ya Crufts yakaanza 1891. Mwamuzi huona manyoya na miguu. Pua na ujasiri wa kuwinda hana pa kuvipima uwanjani, na sifa isiyopimwa hufifia vizazi vikipita.

Kinyume chake, kwenye vilima vya Mkumbi, wilayani Mbinga, Tanzania, mbwa wa kienyeji hana cheti. Hujulikana kwa kazi: kulinda boma usiku, kufukuza nyani na nguruwe pori shambani.

Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka, alianza hivyohivyo. Huko katika msitu wa Ituri, wawindaji wa Kimbuti humfunga njuga shingoni ili wajue alipo anapowakurupusha wanyama kuelekea nyavuni. Watazamaji wa Crufts walimshangilia mwaka 1937. Ila basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache mno, na kanuni za maonyesho zilifunga daftari la nasaba, damu mpya isiingie. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, unaomwaga sukari na virutubisho kwenye mkojo, ukaenea katika ukoo huo.

Mwaka 1959 mzalishaji wa basenji wa Uingereza, Veronica Tudor-Williams, alisafiri hadi kusini mwa Sudan, akarudi na jike aliyeitwa Fula. Fula hakushindanishwa kamwe, lakini damu yake imesambaa karibu katika basenji wote wa maonyesho. Mwaka 1990 American Kennel Club nayo ilifungua daftari lake kwa mbwa waliotoka Zaire, yaani Kongo ya leo, uamuzi wa busara uliochelewa. Wapenzi wa urembo walirudi kwa wawindaji kutafuta uzima.

Tabia nayo hubadilika. Nchini Uswidi, mtafiti Kenneth Svartberg alichambua vipimo vya mbwa 13,097 wa aina 31, akatoa matokeo mwaka 2006. Aina zinazopendwa maonyeshoni zilikuwa na woga zaidi na hamu ndogo ya kucheza na kudadisi. Kazi ya mababu haikueleza tofauti hizo. Matumizi ya siku hizi ndiyo yaliyozieleza.

Wachungaji wa kondoo wa Marekani wanalijua hilo. Walipinga vikali mbwa wao wa kuchunga, Border Collie, kuingizwa katika maonyesho ya American Kennel Club mwaka 1995, na chama chao, American Border Collie Association, humfuta daftarini mbwa yeyote anayetwaa ubingwa wa umbo.