Ndege Iliyoanza kwa Mfano na Kuishia kwa Mfano

Wasikilizaji wetu, katika Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 hata 1945, Waingereza waliunda ndege kubwa za kutupa mabomu zenye injini nne, na zilizosifika kupita nyingine ni tatu: Stirling, Halifax na Lancaster. Lancaster ndiyo inayojulikana zaidi, na hata leo ziko mbili ziwezazo kuruka, moja Uingereza na moja Kanada. Lakini ya kwanza kuingia kazini ilikuwa Stirling. Ziliundwa zaidi ya 2,300, nazo zilibeba maelfu ya vijana; lakini leo, ukizunguka dunia nzima, huoni hata moja iliyo kamili. Nyingine ziliangushwa, nyingine zilizama baharini, na zilizosalimika zilikatwakatwa zikauzwa kuwa chuma chakavu. Atakaye kuiona Stirling nzima hana budi kutazama picha, au kutengeneza mfano wake.

Habari hii tuliijua kwa sababu ya jambo la nyumbani. Dada yetu ameolewa na Mwingereza, na mavyaa wake ni bibi aliyekwisha kupita miaka themanini. Bibi huyu alizaliwa miezi michache baada ya baba yake kuuawa katika Stirling mwaka 1943. Baba huyo alikuwa mpiga bombom wa nyuma. Binti yake hakupata kumwona, wala hakupata kuona ndege ya namna ile. Siku moja, sisi tulipokuwa wageni nyumbani kwao, alisema mbele ya wajukuu wake, "Natamani kujua alikuwa akikaa wapi." Basi shemeji yetu, watoto na sisi tulishauriana, tukaazimu kumtengenezea mfano wa ndege ile kwa mbao.

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu. Watengenezaji wa mifano ya ndege wana kipimo chao cha zamani, nacho ni sehemu moja katika sabini na mbili. Maana yake, inchi moja ya mfano ni sawa na futi sita za ndege yenyewe. Mtu mrefu wa futi sita huwa na urefu wa inchi moja tu. Kipimo hiki kilitumika sana wakati wa vita, kwa kuwa mifano midogo ilitumiwa kuwafundisha askari na walinzi kutambua ndege za rafiki na za adui. Marekani mwaka 1942 wanafunzi wa shule waliombwa kuchonga mifano kama hiyo kwa mamia ya maelfu. Stirling ilikuwa na upana wa futi 99 na inchi moja toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa, na urefu wa futi 87 na inchi tatu. Ninyi wanafunzi mwaweza kugawa wenyewe: mfano wetu ulipaswa kuwa na upana wa inchi kumi na sita na nusu, na urefu wa inchi kumi na nne na nusu.

Tulichonga kwa kisu, tukalainisha kwa msasa. Bandu bandu humaliza gogo, na jioni baada ya jioni umbo la ndege likaanza kutokea. Lakini tulipofika kwenye miguu yenye magurudumu, tulikosa. Katika mchoro miguu ile ilionekana mirefu mno, kama ya korongo. Tulidhani mchoraji amekosea, tukaikata ikawa mifupi. Mfano ulipokauka gundi na kusimamishwa mezani, pua yake iliinama, na haukufanana na picha hata kidogo. Ndipo tulipoona aibu, tukatafuta sababu ya urefu ule.

Sababu yenyewe ni ya ajabu. Kiwanda cha Short kule Rochester, kabla ya kuunda Stirling, kiliunda kwanza mfano wake wa nusu kipimo. Huo haukuwa mfano wa kuweka mezani. Ulikuwa ndege kweli, ya mbao, yenye injini nne ndogo na nafasi ya watu wawili. Uliruka mara ya kwanza tarehe 19 Septemba 1938. Marubani walioujaribu waliona kwamba ulihitaji kukimbia mbali mno ardhini kabla ya kupaa. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuirefusha miguu ya mbele, ili pua iinuke na mabawa yashike upepo mapema. Hivyo rubani wa Stirling alikaa juu sana, kama mtu aliye darini mwa nyumba. Lakini miguu mirefu ilikuwa dhaifu. Ndege ya kwanza yenye kipimo kamili iliruka tarehe 14 Mei 1939, na ilipotua breki iling'ang'ania, miguu ikavunjika, na ndege ikaharibika vibaya siku ile ile. Tulipoyasoma hayo tulichonga miguu upya, mirefu kama ilivyoandikwa. Tokea hapo tulijifunza kutosahihisha mchoro kabla ya kuuliza.

Ubaya wa pili wa ndege hii ulikuwa mabawa yake. Serikali ilikuwa imeagiza kwamba upana wake usifike futi 100. Kwa mabawa mafupi Stirling iligeuka upesi, na marubani waliipenda kwa hilo, lakini haikuweza kupanda juu sana. Ikiwa na mzigo ilipita angani kiasi cha futi 17,000 au chini yake, hali Lancaster zilipita juu ya futi 20,000. Basi mizinga ya Wajerumani iliipata kwa urahisi, na mara nyingine mabomu ya ndege za wenzao yaliianguka toka juu. Tena nafasi yake ya mabomu ilikuwa imegawanywa vyumba vyembamba. Haikuweza kuchukua bomu moja lililozidi ratili 2,000. Ilianza vita usiku wa tarehe 10 Februari 1941, kwa kupiga matangi ya mafuta kule Rotterdam. Mwisho wa mwaka 1943 iliondolewa katika mashambulio makubwa ya Ujerumani, ikapewa kazi ya kutega mabomu baharini, kuvuta ndege zisizo na injini, na kuchukua askari wa miavuli.

Hata Afrika ina sehemu katika habari hii. Kikosi kimoja cha Stirling, cha 218, kilipewa jina la Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwezi Agosti 1943 rubani wa kikosi hicho, Arthur Aaron, alijeruhiwa vibaya sana alipokwenda kushambulia Turin. Wenzake waliielekeza ndege Afrika ya Kaskazini, naye akawasaidia kuitua Bône, katika Algeria, kisha akafa siku ile ile. Alipewa nishani ya Victoria Cross. Na Bwana John Henry Smythe, mzaliwa wa Freetown katika Sierra Leone, alikuwa mwongoza njia katika Stirling. Ndege yake iliangushwa Novemba 1943, naye akafungwa Ujerumani mpaka mwaka 1945. Baadaye alisomea sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone.

Sasa turudi kwa mpiga bombom wetu. Ndani ya Stirling walikaa watu saba au wanane: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mtupa mabomu, mtu wa simu ya upepo, na wapiga bombom. Wote walikuwa karibu karibu, isipokuwa wa nyuma. Yeye alikaa peke yake mkiani, katika kibanda cha vioo chenye bombom nne, akitazama walikotoka, kwa muda wa saa sita au saba, katika baridi kali. Sauti ya wenzake aliisikia kwa waya tu. Katika mfano wetu kibanda hicho ni kidogo sana, na mtoto wa mwisho wa dada yetu ndiye aliyekichonga, kwa kuwa ana vidole vyembamba.

Yapasa tuseme na mengine, maana historia yenye upande mmoja si historia. Katika kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza walitumika warukaji kiasi cha 125,000, na waliokufa ni 55,573. Yaani katika kila watu mia, arobaini na wanne hawakurudi. Lakini chini ya ndege zile walikuwako watu pia. Mwezi Julai 1943, katika mashambulio ya Hamburg ambayo Stirling zilishiriki, moto uliua watu zaidi ya 30,000 kwa siku chache, na wengi wao walikuwa raia, wanawake na watoto. Wajerumani nao walikuwa wametangulia kuchoma Warsaw, Rotterdam na London. Watoto walituuliza kama babu mkuu wao alikuwa mtu mwema au mbaya. Tulijibu kwamba alikuwa kijana aliyetumwa, na kwamba kazi aliyotumwa iliua watu wengi. Na kwamba maneno yote mawili ni kweli, wala moja halifuti la pili.

Mwisho palibaki rangi na herufi. Juu tulipaka rangi ya udongo na kijani, chini na ubavuni nyeusi ya usiku. Kila ndege ilikuwa na herufi yake nyekundu ubavuni. Katika picha ya nyumbani, kijana yule amesimama akicheka chini ya herufi K. Lakini shemeji alipopata nakala ya daftari la kikosi, kutoka nyumba ya kumbukumbu za serikali kule Kew, tuliona kwamba usiku wa mwisho alikwenda na ndege nyingine, M. Saa ya kuondoka imeandikwa. Mahali pa saa ya kurudi hapana kitu. Tukabishana. Shemeji alitaka M, kwa kuwa ndiyo kweli ya kifo chake. Sisi tulitaka K, kwa sababu ya picha. Hatukupatana, tukampelekea bibi mfano usio na herufi.

Aliushika kwa mikono miwili, akatazama mkiani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Andikeni K. Ndiyo aliyorudi nayo." Tukaandika K mbele yake. Na chini ya kibao, mahali pasipoonekana, shemeji aliandika M pamoja na tarehe, ili kweli nayo isipotee.

Mwaka 2020 Waholanzi walitoa katika ziwa Markermeer vipande vya Stirling moja ya kikosi cha Gold Coast iliyoanguka mwaka 1943, ili mabaki ya watu wake yapate kuzikwa kwa heshima. Hivyo hata baada ya miaka sabini na saba kazi ya kukumbuka haijakwisha.

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki yuko babu aliyekwenda Burma mwaka 1944, na pengine amebaki kwa jina na picha moja iliyokunjamana. Si lazima mchonge ndege. Ulizeni wazee waliobaki alikuwa kikosi gani, alipita wapi, alirudi na nini, mkaandike katika daftari. Na mkiona jambo linalowashangaza, kama miguu ile mirefu, msilikate upesi, ulizeni kwanza.