Mgeni wa Uvira Aonyeshwe Nini?

Wageni wanaofika Uvira kutoka Bukavu ao Bujumbura hutuuliza: "Hapa kwenu kuna nini cha kuona?" Na siye, bila kufikiri, tunajibu: ziwa na milima. Si uongo. Mji wetu umebanwa kati ya hivyo viwili toka Kavimvira mpaka Kalundu, na usiku ukisimama pwani unaona taa za Bujumbura ng'ambo. Lakini mgeni anayeondoka na picha za ziwa tu, Uvira hajaiona bado.

Siye tungemwanzishia pale mto Rusizi unapoingia ziwani. Kwa macho si kitu cha kushangaza: matete, maji ya udongo, viboko, wavuvi na mitumbwi yao. Mto unatoka ziwa Kivu, unateremka kilometa zaidi ya 100, toka urefu wa mita 1460 hivi mpaka mita 770 hivi, ndio unafika kwetu. Mtoto yeyote wa shule analijua hilo. Ila katika karne ya 19, jambo hilo hilo liligombanisha wataalamu wa Ulaya.

Twende mwaka 1858. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walikuwa wamefika Ujiji kutoka pwani. Walisikia kuna mto mkubwa kaskazini mwa ziwa. Kama mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda ndio mwanzo wa Nile, na sifa yote itakuwa yao. Mwezi wa nne wakapanda mitumbwi miwili pamoja na Kannena, mkubwa wa Ujiji, wakafika Uvira tarehe 26. Burton alikuwa mgonjwa, ulimi umejaa vidonda, hata kuongea ilikuwa shida.

Uvira ya wakati ule haikuwa kijiji kilichosahauliwa. Ilikuwa kituo cha mwisho kaskazini kwa wafanyabiashara wa Ujiji. Walikuja kununua pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na watumwa. Neno hilo la mwisho tusilipite haraka haraka. Burton aliandika kwamba bei za hapa zilikuwa rahisi, na kati ya bidhaa alihesabu watu. Tunapomtembeza mgeni pwani tunamsimulia habari za mikeke na ndagala, tena kwa furaha. Habari za wale waliopakiwa katika mitumbwi kwenda Ujiji, na wengine mpaka bahari, tunazinyamazia. Na watu hao walipandia pwani hii hii.

Basi, wana watatu wa chifu wa Uvira wakaenda kuwasalimu wageni. Walipoulizwa habari za Rusizi, wakajibu wazi: mto unaingia ziwani, hautoki. Wengine waliokuwepo wakasema vile vile. Burton mwenyewe aliandika kwamba aliposikia hivyo moyo wake uliugua. Wazungu walitaka waende wakajionee, lakini Kannena na watu wake wakakataa kuendelea mbele, wakiwaogopa wenyeji wa kule. Wakarudi Ujiji.

Ingeishia hapo. Lakini Speke alienda kuliona ziwa Nyanza na kusema Nile inatoka huko. Na mwaka 1864 Burton akageuka, akaandika kwamba huenda Rusizi inatoka katika Tanganyika. Eti wale vijana watatu hawakujua mto wa kwao! Kwa maoni yetu, ushindani na mwenzake ulimshinda nguvu kuliko ushuhuda wa wenyeji. Ikabidi kungojea mwezi wa kumi na moja 1871, Livingstone na Stanley walipofika kaskazini mwa ziwa na kuona kwa macho yao maji yakiingia. Miaka 13, kwa jibu ambalo Uvira ililitoa bure! Upande wa Burundi, kule Mugere, kuna jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, na watalii wanapelekwa kuliona. Wana wa chifu wetu, hata majina yao watoto wa Uvira hawafundishwi.

Toka Rusizi tungemleta mgeni mjini, kwenye mto Mulongwe. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mvua iliteremsha maji na mawe toka milimani. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Miaka hiyo hiyo ziwa nalo likapanda, likaingia katika nyumba za pwani. Wengi walisema jambo kama hilo halijawahi kuonekana. Limeonekana. Ziwa lilipanda sana kufikia 1878, mpaka mto Lukuga, ule wa Kalemie, ulipojifungulia njia na maji yakashuka. Likapanda tena mwaka 1964, na wazee wachache waliokuwa vijana wakati ule bado tuko nao. Mwalimu atakayepeleka wanafunzi Kalundu kupima na kuchora ramani, aanzie kwa mmoja wao: amwombe asimame pale maji ya 1964 yalipofika, na wanafunzi wapigilie kijiti hapo.