Kamera ya stereo
Kamera ya stereo ni kamera yenye lenzi mbili au zaidi zinazopiga picha ya kitu kimoja kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti kidogo, ili picha hizo zikitazamwa pamoja zionyeshe kina. Msingi wake ni uonaji wa macho mawili, ulioelezwa na Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1838. Kwa kawaida lenzi huachana takriban milimita 65, kama macho ya binadamu. Zikiachana zaidi sana, kina hukuzwa na mlima huonekana mdogo kama kichuguu. Kitu cha karibu huhama zaidi kati ya picha mbili kuliko cha mbali, na kutokana na tofauti hiyo kompyuta hukokotoa umbali. Magari ya utafiti Spirit na Opportunity, yaliyotua Mirihi mwaka 2004, yalitumia kamera hizi.