Mdachi wa Mto Rusizi na jina aliloliacha Posen

Usiku, mawingu yakiwa yametawanyika, ukisimama ufukweni hapa Kasenga, Uvira, unaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kama makaa yaliyomwagwa mchangani. Zamani mji ule uliitwa Usumbura, na mpaka Wabelgiji walipouingia Juni 1916 ulikuwa boma la Wadachi. Katikati yetu na wao upo Rusizi, mto uliowahangaisha wazungu kwa miaka. Wavumbuzi Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitumaini kwamba unatoka ziwani na kuelekea Nile. Wenyeji wakawaambia hapana, unaingia. Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao Novemba 1871. Mvuvi yeyote wa hapa angewapunguzia safari.

Mdachi aliyekuja kukaa kule unakoanzia mto huo, kwenye Ziwa Kivu, ni Richard Kandt. Hakuja kulima wala kuhubiri. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, aliyefunga safari ya kutafuta chanzo cha Nile kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1898 alikifuata kijito cha Rukarara ndani ya misitu ya Rwanda akaridhika kwamba amekipata. Baadaye akajenga nyumba Shangi, ufukweni mwa Kivu, akaiita Bergfrieden, yaani Amani ya Mlimani.

Amani gani hiyo, sijui. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, waliasi huko kaskazini ya Kongo, vituo vya dola hiyo vikayumba hadi huku kwetu, na Wadachi wakatumia nafasi hiyo kusogea Rusizi na Kivu. Novemba 1899 maofisa wawili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, walikubaliana pande zote mbili ziweke bendera mpaka wakubwa wa Ulaya waamue. Wakubwa waliamua Brussels mwaka 1910: Rusizi ukawa mpaka, kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji. Ndiyo maana leo kumsalimia shangazi aliye Gatumba, upande wa Burundi, ni lazima upite mpakani Kavimvira na karatasi mkononi.

Sasa mtafute huyo Kandt kwa baba yake. Ukianza na jina hilo utazunguka bure, kwa sababu ukoo wa Kandt unaanza na yeye. Alizaliwa Desemba 1867 katika mji wa Posen, mtoto wa familia ya Kiyahudi, kwa jina la Richard Kantorowicz. Alibatizwa kuwa Mprotestanti, na mwaka 1894 akalikata jina likabaki Kandt. Katika Prussia ya siku zile, Myahudi aliyetaka cheo alikuta milango mingi imefungwa. Na Posen nayo ilibadili jina: baada ya vita vya kwanza ikawa ya Polandi, leo ni Poznań. Huko akina Kantorowicz walikuwa wengi. Mwanahistoria mashuhuri Ernst Kantorowicz alizaliwa mji huohuo mwaka 1895. Lakini kufanana majina si undugu, jambo ambalo watafutaji wa koo husahau upesi.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Kandt alipofika kwa mwami wa Rwanda mwaka 1898, wakuu wa ikulu walimwonyesha mtu mzima aliyejifanya mfalme, huku Musinga, mfalme mwenyewe, akiwa bado kijana aliyefichwa. Mtu aliyeuacha ukoo wake Posen akapewa mkono na mfalme wa bandia.

Mwaka 1907 alianzisha makazi Kigali akiwa mwakilishi wa serikali ya Kidachi. Alikwenda likizo kwao kabla ya vita, na vita vikamzuia kurudi. Akatumika kama daktari wa jeshi, akaathiriwa na gesi, akafa hospitalini Nuremberg Aprili 1918, akiwa na miaka 50.

Nyumba yake ya Kigali sasa ni makumbusho. Na kwenye misitu ya volkano za Virunga, upande wetu na upande wa Rwanda, yupo kima mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ambaye wanasayansi wanamwita Cercopithecus kandti. Huvuka mpaka apendavyo.