Maonyesho ya Matofali ya Kuchezea na Mashabiki Walioyaanzisha

Maonyesho ya matofali ya kuchezea ni mkutano wa mashabiki, wengi wao watu wazima, wanaoleta ukumbini majumba, meli, treni na miji mizima waliyoiunda nyumbani kwa vipande vya plastiki vya Lego, kisha huwafungulia milango wazazi na watoto waje kutazama. Hufanyika kila mwaka katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Ingawa tofali lenyewe ni mali ya kampuni, mengi ya maonyesho hayo yalianzishwa na mashabiki, na ndio wanaoyaendesha hadi leo.

Chanzo cha tofali hilo ni karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen katika kijiji cha Billund, Denmark. Mwaka 1932, mdororo wa uchumi ulipompunguzia kazi za ujenzi, aligeukia kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Jina la Lego lilianza kutumika mwaka 1934. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alinunua mashine ya kufinyanga plastiki, na mwaka 1949 kampuni ikatoa matofali yake ya kwanza, yaliyofuata kielelezo cha Mwingereza Hilary Fisher Page wa kampuni ya Kiddicraft.

Matofali hayo ya awali yalikuwa matupu kwa ndani, hivyo jengo liliachana kwa urahisi. Dawa ilipatikana kwa kuweka mirija ndani ya tofali, ili vinundu vya tofali la chini vibanwe kati ya mirija hiyo na kuta. Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliwasilisha maombi ya hataza tarehe 28 Januari 1958. Kuanzia mwaka 1963 kampuni ilihamia plastiki ya ABS, ambayo ni ngumu na haipindi upesi. Tofali maarufu zaidi lina vinundu 8 katika safu mbili, na kimo chake ni milimita 9.6 bila kuhesabu vinundu. Matofali 6 tu ya aina hiyo, yenye rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. La muhimu zaidi ni kwamba vipimo vya msingi havijabadilika: tofali lililotengenezwa mwaka 1958 linashikana na la leo.

Mwaka 1978 walizaliwa wanasesere wadogo wa plastiki wenye mikono inayoshika vitu, pamoja na seti za ngome na za anga za mbali. Watoto waliozichezea wakati huo walikuwa watu wazima kufikia miaka ya 1990. Baadhi yao hawakuacha kujenga, lakini kila mmoja alijenga peke yake, akidhani mchezo huo wa utotoni umebaki kwake tu. Intaneti ndiyo iliyowakutanisha. Mwaka 1998 Todd Lehman na Suzanne Rich walianzisha mtandao wa LUGNET, ambao uliwaunganisha mashabiki wa nchi mbalimbali na kusaidia vilabu vya miji kujulikana.

Kutoka kuandikiana, hatua iliyofuata ilikuwa kuonana. Mwaka 2000 mashabiki walikusanyika katika BrickFest, karibu na Washington nchini Marekani. BrickCon ya Seattle ilianza mwaka 2002, Brickworld ya Chicago mwaka 2007, na BrickFair ya Virginia mwaka 2008. Nchini Uingereza mashabiki hukutana Swindon, ndani ya jumba la makumbusho ya reli. Denmark nayo ina maonyesho yake katika mji mdogo wa Skærbæk.

Ratiba ya mikutano mikubwa hufanana. Siku za mwanzo ni za wajenzi pekee: hupanga kazi zao mezani, hubadilishana vipande na kusikiliza mada kuhusu mbinu za ujenzi. Mwisho wa juma umma huingia kwa kiingilio. Kamba huwatenga watazamaji na meza, kwa kuwa kazi nyingi hazikugundishwa na mkono mmoja wa mtoto unaweza kubomoa mnara wa miezi. Watoto hutengewa eneo lenye marundo ya matofali ya kuchezea watakavyo. Pembeni huwapo wauzaji wa seti za zamani na vipande vya mojamoja, ambako shabiki hupekua masanduku akitafuta kipande kimoja tu cha rangi anayoitaka.

Kivutio kikubwa mara nyingi ni mtambo mrefu wa vipira. Kila mjenzi huleta sehemu yake, inayopokea vipira vidogo upande mmoja, kuvipandisha kwa ngazi, mikanda au magurudumu, na kuvimwaga katika sanduku la jirani. Kanuni walizokubaliana huweka kimo cha sanduku la kupokelea na kasi ya wastani ya kipira kimoja kwa sekunde. Kwa hiyo watu wasiowahi kuonana wanaweza kuunganisha mitambo yao asubuhi moja ikafanya kazi.

Kwa muda mrefu kampuni iliwaona watu wazima kama wateja wa pembeni. Mwaka 2004 ilipobadilisha rangi yake ya kijivu, wajenzi wa ngome walilalamika vikali, maana vipande vipya havikulingana na akiba yao ya miaka. Wakati huo kampuni ilikuwa katika hasara kubwa iliyotishia uhai wake. Mkurugenzi mpya, Jørgen Vig Knudstorp, alihudhuria BrickFest mwaka 2005 na kuzungumza na mashabiki ana kwa ana. Roboti ya Mindstorms NXT, iliyotoka mwaka 2006, iliandaliwa kwa ushauri wa mashabiki. Mwaka 2019 kampuni ilinunua BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya mojamoja lililoanzishwa na shabiki mwaka 2000.

Jumba la Lego House lilipofunguliwa Billund mwaka 2017, ukumbi wake wa juu ulitengwa kwa ajili ya kazi za mashabiki. Kampuni ilitoa tofali lenye vipimo visivyobadilika. Wazo la kuwakutanisha wajenzi na familia katika ukumbi mmoja lilitoka kwa wateja wake, nayo ikalifuata baadaye.